Nimepewa siku mbili kuwafundisha walimu na maustadhi kumlinda mtoto. Nianzie wapi?

BARUA

Assalaam alaykum washauri wetu,

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika skuli moja ya msingi, Wilaya ya Wete, Pemba. Likizo hii nimetakiwa niendeshe mafunzo ya siku mbili kwa walimu wa skuli tatu zilizo jirani, maustadhi wa vyuo vya Kurani na wauguzi wa kituo cha afya. Orodha imeshafika watu 40 na zaidi. Mada ni kumtambua mtoto anayefanyiwa udhalilishaji, na la kufanya baada ya kumtambua.

Nina hofu, na nitasema sababu yake. Mwaka jana tulipata semina ya nusu siku. Tukaonyeshwa picha ukutani, tukagaiwa karatasi yenye dalili 20, tukasaini posho tukaondoka. Wiki ya pili yake mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwona mtoto wa darasa la nne amekuwa mnyonge na anasinzia darasani. Akamwita ofisini. Walimu watano wakamzunguka, kila mmoja anauliza lake. Mtoto akataja kitu kidogo kuhusu jamaa wa nyumbani. Akaitwa mama, mama akamwita ami wa mtoto, jambo likaenda kwa wazee. Siku ya pili mtoto akasema hakuna lililotokea, na wiki iliyofuata akahamishwa skuli. Mpaka leo hatujui ana hali gani.

Sitaki mafunzo yangu yazae jambo kama lile. Siku mbili nizigawe vipi? Nifanye nini na maustadhi wanaoniambia kuwa dini inahimiza stara na hawataki kuvunja nyumba za watu? Sheha naye, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, aingie wapi? Na wengi wetu, nikiwemo mimi, hatujui kutofautisha alama ya kipigo na alama ya chuku au chale. Naomba mnieleze kwa kina.

Mwalimu, Wete

MAJIBU

Waalaykumu salaam Mwalimu,

Lililomfika mtoto yule halikutokana na uhaba wa dalili. Mwalimu mwenzako alizijua dalili, ndiyo maana akamwita. Alichokosa ni sentensi ya kwanza ya kumwambia mtoto, na jina la mtu wa kwanza wa kumpigia simu. Hayo mawili ndiyo uyajengee siku zako. Ukipata saa 6 za kazi kila siku, jumla saa 12, dalili zisile zaidi ya saa 3 na sheria nusu saa. Zilizobaki ni za mazoezi ya mdomo, mazoezi ya kuandika, na njia ya taarifa. Mtu anayetoka semina na dalili 20 kichwani bila ya kujua la kusema wala pa kupeleka ni hatari zaidi kuliko asiyejua kitu, kwa sababu huyu ataanza kuchunguza.

Kwanza punguza watu. Arubaini ni mkutano wa hadhara. Chukua 24, waliobaki wafanye awamu ya pili. Idadi hiyo inakupa makundi manane ya watu watatu watatu, na wewe na wasaidizi wawili mnaweza kuyazungukia yote. Katika kila kundi changanya: mwalimu, ustadhi, muuguzi. Mtoto huyohuyo asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni, akiugua yuko kituoni, na watu hawa watatu mara nyingi hawana hata nambari za simu za wenzao. Waalike askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, lakini wakae siku zote mbili na wafanye mazoezi kama wengine. Wakija kufungua semina na kuondoka baada ya chai, mwalimu hatowapigia simu siku ya shida. Mtu humpigia anayemjua sura.

Kabla hujaanza, sema wazi kwamba ndani ya ukumbi huenda wamo waliofanyiwa haya utotoni. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa Zanzibar, kati ya vijana waliohojiwa, karibu asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watu 24, hao ni mmoja au wawili. Wape ruhusa ya kutoka bila ya kuomba, na uwe na mtu mmoja nje aliyeandaliwa kuwasikiliza. Tazama pia tarakimu ya wavulana. Watu wengi huingia semina wakifikiri udhalilishaji wa kingono ni jambo la watoto wa kike peke yao, na mtoto wa kiume anapita mbele yao hakuna anayemwangalia.

Usitumie kesi ya kweli ya Pemba. Hata ukibadilisha jina, ukisema shehia, darasa na kazi ya baba, ukumbi mzima umeshamjua. Tunga kesi zako. Na picha za kutisha ziache: watu hukumbuka mshtuko wakasahau alama.

Sasa alama zenyewe. Mtoto anayekimbia na kucheza huumia magotini, ugokoni, viwikoni na kwenye kipaji cha uso, yaani pale mfupa ulipo karibu na ngozi na upande wa mbele. Wasiwasi uanze damu ikivilia mahali ambapo kuanguka hakufiki kirahisi: kifuani, tumboni, mgongoni, masikioni, shingoni, ndani ya mapaja, matakoni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4, kiwiliwili, masikio na shingo ndiyo sehemu tatu za kuzitazama kwanza. Na kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 4, alama yoyote ya damu kuvilia, popote mwilini, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto asiyeweza hata kujigeuza hana njia ya kujiumiza. Wauguzi wa chanjo ndio wanaowaona watoto hawa wamevuliwa nguo. Walisikie hili mara mbili.

Kisha umbo. Bakora ikipiga kwa nguvu huacha mistari miwili sambamba, katikati peupe, kwa sababu damu husukumwa kando ya fimbo. Waya wa umeme uliokunjwa huacha kitanzi. Meno huacha nusu duara mbili zinazotazamana. Mtoto aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto huungua kwa mstari ulionyooka, kama aliyevaa soksi au glavu, hali ya kuwa aliyejimwagia chai ana michirizi na matone, juu pameungua zaidi kuliko chini. Rangi isikudanganye: hakuna anayeweza kutazama alama akasema kwa uhakika kuwa hii ni ya juzi na ile ni ya wiki iliyopita. Usiandike umri wa alama. Andika mahali, umbo, na ukubwa kwa sentimita.

Hapo kwenye bakora ukumbi utanyamaza, Mwalimu, jiandae. Walimu na maustadhi wataiona mistari ile miwili na kila mmoja atajua ameshaiacha kwenye mwili wa mtoto. Usipitie haraka na usiwashambulie. Waambie kwamba mtoto anayepigwa na mwalimu hatomwendea mwalimu yule kumwambia kuwa nyumbani anafanyiwa kitu. Pale pale mlango wa taarifa umefungwa. Wape dakika 20 walizungumze wao wenyewe.

Swali lako la chuku ni zuri. Chuku, yaani hijama, huacha duara kamili za ukubwa mmoja, zimepangwa, aghlabu mgongoni au mabegani, na wazee husema bila ya kuficha nani alimuumika mtoto. Chale ni fupi, nyembamba, na huwa na mpangilio. Baka la kuzaliwa la rangi ya buluu ya kijivu hukaa kiunoni au matakoni, haliumi, na halibadiliki ukilitazama baada ya wiki mbili, hali ya kuwa damu iliyovilia itakuwa imeshafifia. Maji ya ndimu yakikaukia kwenye ngozi juani huacha michirizi myeusi au malengelenge yanayofanana sana na kipigo au kuungua. Vidonda vya ngozi vya watoto vyenye maganda ya manjano hudhaniwa ni vya sigara. Kovu la sigara ni duara lenye kingo safi, karibu sentimita moja au pungufu, na lina kina. Lakini haya yafundishe kwa tahadhari: lengo ni kupunguza hofu tu. Mwalimu asije akajifanya daktari wa ngozi. Akibaki na shaka, apeleke taarifa.

Kuliko alama, hadithi ndiyo inayosema. Mtoto wa miezi miwili "alibingirika kitandani." Mama anasema ngazi, mtoto anasema baiskeli. Jeraha la Jumatatu linaletwa Alhamisi. Hadithi inabadilika kila inapoulizwa. Muuguzi afundishwe kuandika maneno ya kila mmoja peke yake, bila ya kuyasawazisha.

Kwenye tabia, mfundishe mtu kuuliza kitu kimoja: nini kimebadilika? Kusinzia, kukojoa kitandani, kukataa kula na ukali, kila kimoja kina sababu mia. Lakini mtoto aliyekuwa mchangamfu akazima ghafla, anayechelewa kwa makusudi kuondoka skuli kengele ikishalia, anayekataa kwenda chuo kimoja lakini si kingine, anayejua mambo ya watu wazima kuliko umri wake, au mwenye pesa na simu ambazo nyumbani hawazijui, huyo anahitaji mtu wa kumkaribia. Watoto wenye ulemavu watajwe wazi, kama kundi lao. Tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa 2012 zilionyesha wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili zaidi ya mara 3 kuliko wenzao, na mtoto kiziwi akifasiriwa na jamaa yake huenda anafasiriwa na mtu anayemwogopa. Tafuta mkalimani wa lugha ya alama asiye wa familia.

Umasikini usiuite udhalilishaji. Mama yuko pwani kwenye mwani wakati wa bamvua, baba yuko dago, kambi ya uvuvi, mtoto wa miaka 9 anawalea wadogo zake wawili na anakuja skuli na njaa. Nyumba hiyo inahitaji msaada wa ustawi wa jamii na majirani. Ni tofauti na nyumba ambayo chakula kipo na mtoto mmoja tu ndiye anayenyimwa, au kidonda kimeoza na kituo cha afya kiko hatua mia.

Na kuna uongo mmoja lazima uuvunje mbele ya wote, wauguzi wakiwemo: kwamba daktari "akimtazama" mtoto atajua. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono wanapopimwa hawaonekani na jeraha lolote, kwa kuwa kitendo hakikuacha jeraha au limeshapona. Sehemu zile hupona upesi sana. Jibu la "hana kitu" halina maana kuwa hakufanyiwa kitu. Na kumpima bikira hakuthibitishi chochote. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani likiwemo, yalitaka kipimo hicho kikomeshwe kila mahali. Mwalimu, ustadhi au bibi wa nyumbani haruhusiki kabisa kumvua mtoto nguo akamtazame.

Siku ya kwanza mchana anza mazoezi ya kauli. Katika kila kundi mmoja ni mtoto, mmoja ni mwalimu, wa tatu ameshika karatasi. Mtoto halisi asitumike kamwe. Dakika 7, kisha wanabadilishana, mpaka kila mmoja ameshakaa viti vyote vitatu. Anayeshika karatasi ana safu tatu: swali la wazi, swali la kuongoza, swali la lawama. Kila swali likitoka anatia alama. Utaona safu ya tatu inavyojaa: "Mbona hukupiga kelele?" "Siku zote hizo ulikuwa wapi usiseme?" "Ulikwenda kufanya nini kule?" Wasemaji wenyewe hawajui kwamba ni lawama mpaka waone alama zao. Waeleze kuwa mtu mwenye hofu kubwa mwili wake huganda na sauti hukataa kutoka, na kwamba mtoto akisikia "mbona" husikia "kosa ni lako", akafunga mdomo.

Maneno ya kuyazoea ni machache, na yasemwe kwa sauti mpaka yasikwame kooni: "Umefanya vizuri kuniambia." "Si kosa lako." "Nieleze." "Kisha ikawaje?" Kisha ukimya. Ukimya ndio mgumu kuliko yote. Wafundishe kuhesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Mahali pawe panapoonekana na watu lakini pasiposikika, mfano chini ya mwembe wa uwanjani au kwenye baraza ya maktaba. Msikilizaji awe mmoja, amekaa kimo cha mtoto.

Zoezi lenye thamani kuliko yote ni hili. Anayeigiza mtoto anainama, anasema: "Mwalimu, nikikwambia, utamwambia mama?" Nusu ya ukumbi itajibu: "Hapana mwanangu, siri yetu." Hapo simamisha. Kesho yake mtoto akimwona askari, atajua mwalimu alimdanganya, na hatomwamini tena mtu mzima. Jibu ni: "Siwezi kukuahidi siri, kwa sababu nataka uwe salama. Nitawaambia wale tu watakaokusaidia, na nitakwambia ni akina nani." Walirudie wote, mmoja mmoja.

Mwalimu anahitaji kujua mambo manne tu: nini kilitokea kwa maneno ya mtoto, nani, lini, na kama leo akirudi nyumbani atakuwa salama. Akishayapata aache. "Je, ni ami yako ndiye aliyekugusa?" ni swali la kuongoza, mahkamani wakili wa mshtakiwa atasema jina alitiwa mdomoni na mwalimu, na atakuwa na hoja. Walimu watano wakimuuliza mtoto mara tano, kauli zitapishana, si kwa sababu anasema uongo bali kwa sababu kila muulizaji alivuta kwake, na mtoto anapoulizwa tena hufikiri jibu la kwanza lilikuwa baya. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wenu.

Baada ya kauli, kalamu. Ndani ya saa moja aandike tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, swali alilouliza na jibu lilivyotoka. Mtoto akisema "kidude chake" au "huku mbele", iandikwe hivyohivyo. Ukiitafsiri kwa lugha ya kitabu umeharibu ushahidi. Kwa alama za mwili zilizo wazi, mchoro wa mwili mbele na nyuma na kutia alama kwa kalamu. Hakuna picha ya simu, hakuna kundi la WhatsApp la walimu, hata likiwa na watu wanne waaminifu. Karatasi inatiwa sahihi na kufungiwa kabatini, funguo kwa watu wawili. Wape zoezi la dakika 15: kesi isomwe mara moja, kila mmoja ajaze karatasi. Wanaoandika "mtoto alionekana kubakwa" warudie. Aandike alichokiona na alichokisikia, basi.

Asubuhi ya siku ya pili ni ya njia. Ibandike ukutani na waipite kwa miguu, kituo hadi kituo. Skuli iwe na watu wawili walioteuliwa kwa maandishi, mmoja mwanamke, ili asipokuwepo huyu yupo yule. Hao humpigia simu afisa ustawi wa jamii wa wilaya na Dawati la Jinsia na Watoto siku hiyohiyo. Ikiwa ni ukatili wa kingono, jeraha la kichwa, mtoto mchanga, au mtoto hayuko salama kulala nyumbani usiku huo, msafara ni wa moja kwa moja hospitali kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari, ustawi wa jamii na mshauri nasaha hukutana na mtoto mahali pamoja ili asilazimike kulisimulia jambo lake ofisi nne. Kwa upande wenu hospitali ya Chake Chake inacho kituo hicho. Afisa ustawi wenu akwambie kilicho karibu zaidi na skuli zenu. Simu ya 116 ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Saa 72, mwisho wa kuanza dawa za kinga ya VVU baada ya ukatili wa kingono, zifundishe kwa hesabu ubaoni. Kitendo kilitokea Jumatano saa 2 usiku. Mtoto anasema Ijumaa saa 4 asubuhi. Zimepita saa 38, zimebaki 34. Mwalimu anasema, "Leo Ijumaa, watu wanakwenda kusali, ofisi zinafungwa mapema, tutalishughulikia Jumatatu." Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa ya 108. Dawa za kinga ya VVU, zinazomezwa siku 28, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Muda huo umeshapita tangu Jumamosi usiku. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina mpaka saa 120, na kadiri inavyochelewa ndivyo inavyodhoofika. Mtu aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake hatosema tena Jumatatu.

Mtoto asiogeshwe, asibadilishwe nguo kama inawezekana. Ikiwa ameshabadilisha, nguo zile kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, nguo huota ukungu na vielelezo vikaharibika. Lakini akiwa ameshaoga aende vilevile, na msimlaumu aliyemwogesha. Matibabu ya dharura yasisubiri fomu ya polisi, PF3, fomu itafuata. Wauguzi wako walishike hili, kwa kuwa wapo wanaomrudisha mtoto mlangoni akatafute karatasi kwanza.

Mzazi huarifiwa, lakini nani amwarifu na lini huamuliwa na ustawi na polisi pale mshukiwa anapokuwa mtu wa nyumbani. Usimwite mshukiwa, usimpelekee barua kwa mkono wa mtoto. Akijua kabla, ana usiku mzima wa kumtisha.

Sasa maustadhi. Usiwajibu kwa kubishana juu ya stara. Kubaliana nao: stara ni haki, na mwenye haki nayo ni mtoto. Jambo lake lisijulikane sokoni, lisijulikane msikitini, lijulikane kwa wanne watano wenye kazi nalo. Huko ndiko kumsitiri. Kumwacha mikononi mwa anayemdhuru ni kumsitiri mdhuru. Muombe ustadhi mmoja mwenye heshima kati yao, kabla ya siku, aieleze kanuni wanayoisomesha wenyewe, la dharara wala dhirara, hakuna kudhuru wala kudhuriana. Maneno hayo yakitoka kwake yatafika yasipofika yako. Na kwa anayeogopa kumsingizia mtu, mwambie kuwa taarifa ya wasiwasi si hukumu. Inasema: "Nimeona hili, nimesikia hili, nina wasiwasi." Kuthibitisha ni kazi ya wengine, na siri mnayoitunza inamlinda mshukiwa vilevile kama hakufanya.

Muhali, kule kuoneana haya, ndio unaoua kesi nyingi, kwa sababu mshukiwa ni mkwe, ni jirani, ni aliyewahi kutuazima chombo. Anayetakiwa kwenda kutoa ushahidi anaona tabu kumtazama mama wa mshukiwa kisimani. Hutoiondoa muhali kwa hotuba. Ipunguze kwa kupanga, taarifa isiwe ya mtu mmoja: watie sahihi wawili walioteuliwa, iende kwa jina la skuli, maelezo yachukuliwe mapema wakati kumbukumbu iko safi, na mapema ijulikane nani atafuatana na mtoto mahkamani na nauli inatoka wapi. Mashahidi hupotea kwa nauli vilevile kama kwa aibu.

Bwana Sheha mkalishe ndani ya mafunzo kama mshiriki, na mumfanyie zoezi lake. Wazee wamekuja barazani kwake na fedha za suluhu, au na pendekezo la ndoa. Atasema nini? Sentensi iwe tayari: "Hili si la baraza langu, ni la polisi na mahkama. Mimi nitahakikisha mtoto analala salama na usafiri umepatikana." Hapo mtolee Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2011: mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na jinai aliyofanyiwa si mali ya familia ya kusameheana. Asiye na sentensi hiyo mdomoni atawakaribisha wazee kahawa, na kesi itaishia hapo.

Na ikiwa mshukiwa ni mwalimu mwenzenu, au ustadhi, au mmoja wa wale wawili walioteuliwa? Swali hili liulize wewe kabla halijaulizwa. Njia iwe na mlango wa pili usiopita kwa mwalimu mkuu: afisa ustawi moja kwa moja, au 116. Nambari hizo ziandikwe mahali watoto wanapoweza kuzisoma peke yao, mfano ndani ya mlango wa choo cha wanafunzi, na si kwenye ubao ulio mbele ya ofisi.

Mwisho wa siku ya pili usitoe mtihani wa kuandika dalili. Kila mmoja akujie peke yake kwa dakika 3: wewe ni mtoto, yeye akuambie maneno yake, kisha akutajie kwa kichwa atampigia nani. Anayekwama anarudi kundini. Baada ya wiki 6 waite tena nusu siku. Pigeni nambari zote za ukutani hapohapo mbele ya watu muone zipi zinapokelewa. Maafisa huhamishwa, na nambari iliyokufa huonekana siku mtoto yuko mbele yako.

Kuna jambo moja lisingoje likizo. Mtoto yule wa darasa la nne bado ni mtoto, na mliyoyasikia bado mmeyasikia. Usimtafute, usiende nyumbani kwao, usimuulize mama. Kaa na yule mwalimu aliyemwita, aandike leo anachokikumbuka: tarehe, maneno ya mtoto kama yalivyotoka, nani walikuwepo, nani aliitwa, na skuli aliyohamishiwa kama mnaijua. Andika wazi kuwa mtoto baadaye alikanusha. Kisha mumpelekee afisa ustawi wa jamii wa wilaya mkononi, nyinyi wawili, na mumuombe akwambieni ni lini atakwenda kumwona.